Kabla hujaishusha hiyo Z

Arusha, Jumapili jioni

Kaka Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo imetuganda. Picha nimeziona. Datsun 240Z ya 1972, bodi haijaliwa na kutu! Umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Sasa hilo la kukata springi, naomba usubiri. Fundi wako anasema gari ikikaa chini inashika barabara. Kidogo tu, sawa. Lakini Z mbele ina strati za MacPherson, yaani nguzo moja yenye springi na shokapu pamoja, na ukiishusha sana, mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika gurudumu kwa chini, inapanda upande wa tairi. Hapo ile nukta ambayo bodi inaizunguka kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka, na gari iliyo chini inaanza kulala kuliko ilivyokuwa juu! Tena tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, na mkono vinaacha kwenda sambamba, basi kila bonde linakuvutia usukani. Wanaoshusha kwa akili huweka spesa chini ya strati kurudisha ile mikono mahali pake. Kukata kwa grainda hakuna hesabu hiyo.

Mimi ningeanza na bushi, zile raba kwenye maungio ya saspensheni. Mpira wa miaka hamsini umeshakuwa biskuti, na nusu ya huo uyumbaji unaoulalamikia uko hapo. Bushi za poliyurethani, plastiki ngumu kuliko mpira, zinafaa, ila angalia zile fimbo mbili zinazozuia mikono ya mbele isirudi nyuma: usiweke poliyurethani pande zote mbili za fimbo. Inakosa nafasi ya kucheza, inapindwa kila siku hadi inakatika. Upande mmoja ubaki mpira.

Nyuma kuna kazi ya kiume. Pini ndefu inayounganisha mkono wa chini na habu hugandana na kutu kiasi cha kumtoa mtu machozi. Fundi asiigonge kwa nyundo, ncha itatanuka na nati haitaingia tena. Mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, halafu presi.

Baada ya hapo shokapu mpya, na springi ngumu kidogo tu kuliko za kiwandani, urefu uleule au pungufu kwa vidole viwili. Gari yenyewe ni kama tani moja, springi ya mashindano itakurusha tu. Alaimenti iwe ya mwisho. Kwa Z ya kiwandani utarekebisha tou peke yake, yaani tairi zinavyoelekea ndani au nje kwa mbele; kemba, yaani tairi linavyoinama upande, haina pa kuigusia.

Na fundi akibisha, mkumbushe Safari Rally. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda 1971 kwa 240Z, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari hiyohiyo, kwenye matope na mawe. Zilikuwa zimesimama juu, saspensheni ina nafasi ya kupanda na kushuka.

Kuna jamaa anakwenda Dubai mwezi ujao, naweza kumtuma katriji za strati, yaani shokapu zinazoingia ndani ya bomba la strati. Nipimie kipenyo cha ndani cha bomba la strati, maana za 280Z si sawa na zako, na kuna watu walishabadilisha strati nzima bila kusema. Nitumie na namba ya chesisi. Kama ni ya usukani wa kulia kutoka kiwandani itaanza na HS30.

Wako,
Juma