Watoto wetu walioasiliwa Marekani, uraia wao ukaguliwe kabla hawajafika miaka 18

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo huku Marekani linajulikana na wachache na kwetu Afrika Mashariki na Kongo naona halijulikani kabisa. Mtu anaweza kuletwa Marekani ana miaka 3, akaasiliwa kihalali mbele ya hakimu, akapewa jina la familia mpya, akasoma hapa, akaoa hapa, akazaa hapa, halafu ameshakuwa mtu mzima na watoto wake serikali inamwambia wewe sio raia, ondoka. Na anaondoka kweli, anapandishwa ndege anapelekwa nchi ambayo hajui lugha yake wala hana wa kumpokea.

Najua wengi watasema haiwezekani, mtoto wa raia si ni raia? Hapana. Kuasili ni mambo ya mahakama ya jimbo, uraia ni mambo ya serikali kuu ya Washington, na kwa miaka mingi hivi vitu viwili vilikuwa vinaenda kila kimoja kivyake. Mzazi akishamaliza mahakamani alitakiwa aende tena kumwombea mtoto uraia, fomu nyingine, ada nyingine, kusubiri kwingine. Wako waliofanya, wako ambao wakala aliyewaletea mtoto aliwaambia kila kitu kimeisha, wako waliozembea, na wako waliokuwa wanamtesa huyo mtoto kwa hiyo makaratasi yake hayakuwahi hata kuwapitia kichwani.

Mwaka 2000 Congress, yaani bunge la Marekani, ikapitisha sheria ya uraia wa watoto, Rais Clinton akaisaini tarehe 30 Oktoba na ikaanza kazi 27 Februari 2001. Ilikuwa sheria nzuri, mtoto wa kuasili aliyekamilisha taratibu anakuwa raia moja kwa moja bila kuomba. Lakini wakaweka mstari, aliyekuwa ameshatimiza miaka 18 siku sheria inaanza hayumo. Yaani aliyezaliwa 27 Februari 1983 hayumo na aliyezaliwa kesho yake yumo, hata kama wameletwa na ndege moja na kulelewa nyumba moja.

Hapa Ohio ninapoishi kulikuwa na kijana anaitwa João Herbert, aliasiliwa kutoka Brazil akiwa mdogo. Akakamatwa ameuza bangi kidogo, kosa lake la kwanza, hakimu hata hakumfunga, akampa kifungo cha nje. Uhamiaji ndo wakamchukua. Novemba 2000, wiki chache tu baada ya ile sheria kusainiwa, akarudishwa Brazil wakati Kireno alishakisahau, na mwaka 2004 akauawa kwa risasi kule Campinas. Alikuwa amepita 18, ndo hivyo tu.

Halafu kuna Adam Crapser, kesi yake ilitangazwa sana na mimi nikiifikiria bado inaniuma. Aliletwa kutoka Korea Kusini mwaka 1979 akiwa na miaka 3 pamoja na dada yake. Familia ya kwanza ikawakataa baada ya miaka kadhaa, wakatenganishwa, yeye akazungushwa kwenye malezi ya serikali mpaka akaangukia kwa wanandoa wa Oregon ambao baadaye walipatikana na hatia mahakamani kwa kuwatendea ukatili watoto waliokuwa nao. Wakamfukuza nyumbani akiwa kijana. Akarudi akavunja nyumba yao akaingia, na alichokuwa anakitafuta ni Biblia ya Kikorea na viatu vya raba alivyokuja navyo kutoka kituo cha watoto yatima, ndo vitu pekee alivyokuwa navyo vya kwao. Akafungwa kwa hilo. Akaja kupata makosa mengine pia, sisemi alikuwa malaika. Lakini kilichomkamatisha na uhamiaji ni yeye mwenyewe kujaribu kunyoosha makaratasi yake, aliomba kurenew grini kadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), wakaangalia rekodi, wakafungua kesi ya kumfukuza. Novemba 2016 akapelekwa Korea, mke na watoto wakabaki Marekani. Mei 2023 mahakama ya Seoul ikaamuru wakala aliyempeleka, Holt, amlipe won milioni 100 kwa kutofuatilia uraia wake, mahakama ya rufaa ikaja kuitengua hukumu hiyo. Kumbe mama yake mzazi alikuwa hai muda wote.

Na sio yeye peke yake. Yupo mwingine aliyekuwa mwanajeshi wa Marekani, akarudishwa Seoul mwaka 2009 akiwa na dola 20 mfukoni. Yupo Phillip Clay aliyeletwa Philadelphia akiwa mtoto mwaka 1983, akafukuzwa 2012, Mei 2017 akajitoa uhai huko huko Korea.

Kuna watakaonijibu kwamba hao ni wahalifu wamejitakia. Naomba nijibu kabisa hapa. Mtoto wa kuzaa wa mzazi huyo huyo akiuza bangi hiyo hiyo anafungwa, anamaliza, anarudi nyumbani kwao. Wa kuasili anafungwa, anamaliza, halafu anafukuzwa nchi maisha yake yote. Kosa moja, adhabu mbili, na hiyo ya pili inatokana na fomu ambayo yeye hakuwa na uwezo wa kuijaza kwa sababu alikuwa na miaka 3. Na sheria za uhamiaji za 1996 ziliongeza sana makosa yanayomtoa mtu nchini, hata ya zamani yaliyofanyika kabla ya sheria, na kwa mengi kati ya hayo hakimu hana tena ruhusa ya kusema huyu ana watoto, huyu amekulia hapa, tumwache. Mikono yake imefungwa. Kuna hata waliopata matatizo kwa sababu walipiga kura, wamelelewa wakiambiwa wao ni Wamarekani wakaenda kupiga kura kama watu wengine, kumbe mbele ya sheria ni mgeni aliyejifanya raia.

Sasa kwa nini nawaandikia watu wa kwetu mambo ya Wakorea. Kwa sababu wimbi letu lilikuja baadaye na ndo linafika umri sasa hivi.

Kuanzia kama 2008 watoto wengi sana walitoka Ethiopia, Uganda, Kongo na wengine kidogo Kenya wakaja kuasiliwa huku. Kongo ikasimamisha vibali vya watoto kutoka Septemba 2013, Kenya ikasimamisha uasili wa kigeni Novemba 2014, Uganda ikabadilisha sheria yake 2016, Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018. Lakini waliokwisha kuondoka wameondoka, na aliyeondoka ana miaka 5 mwaka 2012 leo ameshapita 18 au ndo anaikaribia. Watu wanadhani hawa wako salama kwa sababu ya ile sheria ya 2000. Wengi wako salama kweli. Sio wote.

Iko hivi, mtoto aliyeasiliwa kikamilifu huko huko na wazazi wakamwona kabla, anaingia kwa viza iliyoandikwa IR-3, huyo akitua uwanja wa ndege akiwa chini ya miaka 18 na anaenda kuishi na wazazi wake ni raia. Lakini ambaye wazazi hawakwenda, au ambaye kesi ilikuwa haijakamilika, anaingia kwa IR-4, anapewa grini kadi, na familia inatakiwa ikamalize kuasili kwenye mahakama ya jimbo kabla hajafika 18. Kwa Uganda wengi hawakuasiliwa kabisa kule, sheria ya wakati ule ilimtaka mgeni akae nchini miaka 3, kwa hiyo wanasheria wakawa wanachukua amri ya ulezi Mahakama Kuu ya Kampala na mtoto anasafiri na hiyo tu. Familia ikisahau kumalizia huku, au ikimchoka mtoto ikamkabidhi kwa watu wengine kienyeji (na haya yametokea, yaliandikwa sana mwaka 2013), mtoto anafika 18 na grini kadi iliyoexpire na hana uraia wa popote anaoweza kuuonyesha.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, na nimekutana na kijana wa namna hiyo, kazaliwa Kivu. Sitasema jina wala mji. Aliniletea bahasha yake yote nimsomee, pasipoti ya Kongo imeisha muda, ukurasa wa viza una IR-4 kwa herufi ndogo pembeni, hati ya mahakama ya kule kwa Kifaransa, na cheti cha kubatizwa. Karatasi ya mahakama ya Marekani haikuwemo. Nikamuuliza, akasema anajua tu kwamba yeye ni Mmarekani, ana Social Security namba, ile ya hifadhi ya jamii, kwani sio hiyo? Sio hiyo jamani, namba ya Social Security hata mwenye viza ya kazi anayo.

Baadaye akaniomba nimtafsirie kwenye simu na mama yake mzazi, walitafutana kupitia ndugu, yeye Kiswahili kimeshamtoka kabisa. Mama akamsalimia, akamuuliza amekula, akamuuliza anasoma darasa gani, halafu akauliza atamaliza lini shule arudi. Mama aliambiwa mtoto anapelekwa kusoma. Nikatafsiri na kijana akanyamaza muda mrefu. Na huyu mama hayuko peke yake, Agosti 2020 serikali ya Marekani yenyewe iliwawekea vikwazo majaji wawili na mwanasheria wa Uganda kwa mtandao ambao ulikuwa unaenda vijijini kuwaahidi wazazi kwamba watoto wanapelekwa Kampala kusoma, halafu wanawatoa kama yatima.

Kwa hiyo angalieni, mzazi alidanganywa mwanzo, mtoto hakuulizwa, na mwisho anayebebeshwa mzigo ni yule yule mtoto.

Dawa ya kudumu inajulikana na ni fupi, kufuta ule mstari wa 1983 na kuwaingiza wote walioasiliwa wakiwa watoto. Muswada umepelekwa Congress tena na tena tangu 2015, Februari 2022 ulipita Baraza la Wawakilishi ukiwa ndani ya sheria kubwa ya biashara, baadaye ukanyofolewa. Wenzetu mlio raia huku mna wabunge, wapigieni, nao wanapokea simu za watu wenye lafudhi kama zetu.

Lakini wakati tunasubiri, balozi za Uganda, Kenya na Kongo huko Washington zinatakiwa ziwatafute hawa watoto, nchi zetu ndo zilizosaini watoke. Na ndugu mlioko nyumbani mnaowasiliana na familia zilizowachukua, msione aibu kuuliza, sio kukosa shukrani. Ulizeni kitu kimoja, je mtoto ana pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia? Kama hana na bado hajafika 18, wakamalize mahakamani mwaka huu, wasisubiri, halafu waombe cheti kwa fomu N-600, ambayo kwa walioasiliwa haina ada tangu Aprili 2024. Kama ameshapita 18 na kweli hakuwahi kukamilishiwa, bado anaweza kuomba uraia kwa grini kadi yake kama mhamiaji mwingine akishatimiza miaka 5, ila akiwa na kesi yoyote, hata ndogo, hata aliyoambiwa imefutwa, au kama aliwahi kupiga kura, asipeleke fomu yoyote uhamiaji kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji, maana Crapser alikamatwa hivyo hivyo, kwa fomu aliyoipeleka mwenyewe. Na nyie mlioko Goma, Bukavu, Kampala, kama mna kopi ya amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, kibali cha kusafiri, chochote, pigeni picha mtume, huku mara nyingi ndo karatasi zinazokosekana.

Msomaji wako,
Columbus, Ohio