Msimu Uwaachie Kitu: Barua ya Wazi kwa Wachezaji wa Ligi Kuu ya Wanawake

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu nyote mnaojiandaa kwa msimu mpya wa Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara, mlioko kambini Dar es Salaam na mlioko Dodoma, Mwanza, Iringa na kwingineko. Nimefundisha michezo shuleni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na baadhi yenu niliwaona kwa mara ya kwanza mkiwa mmevaa jezi za mikoa yenu katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kabla klabu yoyote haijayajua majina yenu. Naomba mnivumilie, kwa kuwa ninayotaka kuwaambia hayasemwi sana wakati wa maandalizi, nayo huja kukumbukwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika.

Ligi hii ilipoanza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, kombe limepokezanwa na JKT Queens na Simba Queens peke yao. Siyasemi haya kumvunja moyo binti yeyote wa timu nyingine, kwani natamani sana kuona utaratibu huo ukivunjwa. Nayasema kwa sababu wengi wenu mtamaliza msimu bila medali shingoni, na anayeupima mwaka wake kwa medali peke yake atajiona ameupoteza. Swali langu kwa kila mmoja wenu ni hili: msimu ukimalizika, utakuwa umekuachia nini wewe mwenyewe?

Nianze na karatasi, kwa maana ndiko mnakoumizwa zaidi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu yake, anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kwa ajili ya kucheza. Asiye na mkataba huo, hata akifunga mabao 20 na kuimbwa na jukwaa zima, huhesabiwa kuwa mchezaji wa ridhaa. Kwa hiyo ukiambiwa, "Mwanangu, anza mazoezi, mambo ya mkataba tutayamaliza baadaye", fahamu kwamba unaombwa ukae mahali ambapo sheria haiwezi kukushika mkono. Posho ya safari si mshahara, na ahadi ya kiongozi, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, haina tarehe wala kiasi kinachoweza kuonyeshwa mbele ya kamati. Usisaini karatasi usiyoielewa, na usiondoke pale bila nakala yako iliyosainiwa na pande zote mbili. Angalia muda pia. Aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu, na kwa umri huo mzazi au mlezi awepo mezani, asipelekewe habari nyumbani baada ya wino kukauka.

Liko pia jambo la mishahara inayochelewa, ambalo limewafanya mabinti wengi wenye vipaji kurudi nyumbani kimya kimya. Kurudi kimya kimya ni kosa, kwa kuwa klabu inaweza kudai kwamba wewe ndiye uliyetoroka. Kanuni za FIFA zinasema kwamba klabu ikikosa kukulipa walau mishahara ya miezi miwili, unaiandikia barua ya kuitaarifu kuwa imevunja wajibu wake, unaipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote, na isipolipa unakuwa na sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Fuateni njia hiyo kwa utulivu, mkitunza nakala ya kila barua, na shauri likishindikana klabuni lipelekeni kwenye kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) inayohusika na hadhi za wachezaji. Kudai haki kwa maandishi si utovu wa nidhamu, ingawa najua wapo watakaowaambia hivyo.

Sasa nasema na ninyi kama mama. Nimeona wachezaji wakificha ujauzito hadi miezi inasonga, wakicheza kwa hofu ya kufukuzwa, na wengine wakiacha mpira moja kwa moja kwa kudhani kuwa mtoto na soka havikai nyumba moja. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, angalau nane kati yake zikiwa baada ya kujifungua, akilipwa theluthi mbili ya mshahara wake. Klabu hairuhusiwi kukupa mkataba kwa sharti la kutopata mimba, na unapomaliza likizo ina wajibu wa kukurudisha kikosini na kukupa huduma ya kitabibu unayohitaji. Mtaona kwamba haki hii nayo inamfuata mwenye mkataba, na ndiyo maana nimekaa sana kwenye suala la karatasi.

Mwili wenu nao una hesabu yake. Ligi ya timu 10, kama ilivyokuwa msimu wa 2024/25, inampa mchezaji michezo 18, yaani dakika 1,620 kwa mwaka mzima kama hakukosa hata moja. Ni dakika chache mno za kuonekana. Anayecheza goti likiwa limevimba ili asipoteze namba kikosini wiki hii anaweza kupoteza mzunguko mzima wa pili, na akichanika kano kubwa ya ndani ya goti, ile ambayo wanawake huiumiza mara nyingi zaidi kuliko wanaume, atakaa nje kwa miezi mingi sana. Klabu zetu nyingi hazina mtaalamu wa viungo wa kudumu, na hilo viongozi wanapaswa kulijibu. Hata hivyo ipo programu ya kupasha mwili inayoitwa FIFA 11+, inayochukua kama dakika 20, isiyohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na uwanja, ambayo tafiti zimeonyesha kuwa inapunguza majeraha ikifanywa kwa bidii na mfululizo. Mwombeni kocha iwe sehemu ya mazoezi ya kila wiki, na asipoipa nafasi, nahodha awakusanye wenzake wafike mapema kidogo.

Kuna michezo mtakayofungwa mabao mengi. Timu iliyosafiri kwa basi tangu jana yake na kufika ikiwa imechoka itakutana na kikosi kilicholala vizuri na chenye wachezaji wa timu za taifa, na kufikia dakika ya 60 matokeo yatakuwa yameshaamuliwa. Naomba mnisikie vizuri hapa. Nimewahi kukaa na makocha wakichagua wachezaji, na sikumbuki hata mmoja aliyempuuza beki kwa sababu timu yake ilifungwa sana. Walichotazama ni kama beki huyo aliendelea kupanga wenzake na kukimbia baada ya bao la tano. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, waliorudi WAFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake) nchini Morocco mwaka 2025, mara ya kwanza tangu 2010, na kutoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa bingwa mtetezi, wengi wao wamekomazwa na ligi hii. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya mabinti, walioifunga Ufaransa 2-1 kule India mwaka 2022 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 walikuwa wamefungwa 4-0 na Japani katika mchezo wao wa kwanza kabisa. Fikirini wangeuchukuaje mchezo wa pili kama wangekubali kuwa kipimo chao ni kile kipigo.

Mabinti mlio bado shuleni, fanyeni mitihani yenu. Hakuna kambi inayostahili kuwanyima hilo. Na yeyote atakayeombwa mwili wake ili apewe namba, asimfichie siri anayemwomba: amwambie mzazi, amwambie nahodha, aende polisi. Manahodha, mabinti wadogo wanawaangalia ninyi kabla ya kumwangalia kocha, kwa hiyo milango ya vyumba vyenu kambini iwe wazi kwao.

Ninawaomba manahodha wa timu zote wafanye jambo moja kabla dirisha la usajili halijafungwa. Kaeni kikao cha wachezaji peke yenu, kila mmoja alete mkataba wake, asomewe na mwenzake anayeelewa vizuri, na asiye nao jina lake liandikwe ili uongozi uulizwe kwa heshima utampatia lini. Panapokuwa na kifungu kisichoeleweka, tafuteni mwanasheria au mwalimu wa karibu mumwombe msaada. Wazee wenzangu tuliostaafu tuko wengi mikoani, na tutasoma nanyi.

Ni mimi mama yenu,
mwalimu mstaafu wa michezo