Mjomba, muulize Bibi majina

Lisbon, Ureno

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatusulubu. Hela ya dawa ya macho ya Bibi nimeituma kwenye simu ya Mama, tafadhali mwulize kama imefika.

Ama baada ya salamu, nina jambo. Yule mzee ninayemtunza huniuliza kila mara nimetoka wapi. Nikimjibu Tanzania, anatikisa kichwa, yamekwisha. Wiki iliyopita nikamwambia Newala, kwamba kwetu ukisimama pale Shimo la Mungu unauona Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Akaweka kijiko chini. Akasema neno moja tu: Mueda.

Kumbe alipelekwa huko, kaskazini mwa Msumbiji, akiwa askari wa Ureno mwaka 1970, kijana wa miaka 21, wakati wa ile operesheni kubwa ya Jenerali Kaúlza de Arriaga ya kuwafagia FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Mueda anayoijua yeye ni seng'enge, uwanja wa ndege za kijeshi na vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye mkate. Kutoka Mocímboa da Praia ni kama kilomita 100, lakini msafara wa malori ulikwenda kwa siku kadhaa, maana askari walitangulia kwa miguu wakichokoa ardhi kwa fimbo ndefu, wakitafuta mabomu yaliyofukiwa. Alinionyesha kwa mkongojo wake hapo hapo juu ya zulia: anachoma, anatulia, anasogea hatua moja. Ikabidi nimshike asianguke.

Jumapili nikampeleka Belém, kando ya mto, kwenye ukuta wenye majina ya askari wao waliokufa Angola, Guinea na Msumbiji. Akawatafuta rafiki zake wawili, akapitisha kidole juu ya herufi. Sikumwonea kinyongo, Mjomba. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima, wameitwa jeshini kwa lazima. Ila nilisimama pale nikimuwaza Bibi.

Shuleni tulifundishwa kwamba vita vile vya uhuru vilianza 25 Septemba 1964, FRELIMO waliposhambulia kituo cha Wareno pale Chai. Kwa Bibi vilianza 16 Juni 1960, mbele ya boma la Mueda. Wamavia, yaani Wamakonde wa Msumbiji, waliovuka kuja kwetu kufanya kazi za mkonge walikuwa wameona Tanganyika inakaribia kujitawala, nao wakataka kwao kuwe na mazungumzo kama hayo. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane wakaenda kulisema hilo. Watu wakakusanyika kumsikiliza gavana, na badala ya majibu wakaona wale wawili wanakamatwa. Walipopiga kelele wasichukuliwe, risasi zikaanza.

Wangapi walikufa? FRELIMO walisema zaidi ya 500. Ukisoma ya Wareno, hawafiki hata 20. Mimi nimechoka na ubishi huo, maana pande zote mbili zinatoa hesabu, majina hakuna. Msumbiji yenyewe iliienzi tarehe ile hadi kwenye fedha: metikali ilianza kutumika 16 Juni 1980, miaka 20 kamili baadaye. Tarehe wameiweka mfukoni mwa kila mtu, lakini watu wenyewe je?

Bibi hasimulii damu, unajua. Anasimulia mtungi. Dada yake alikuwa ametoka kuteka maji bondeni, kwa kuwa juu kule maji ni ya shida, akapita kuchungulia mkutano akiwa nao kichwani. Alipoanguka, mtungi haukuvunjika. Ukabiringika taratibu hadi miguuni kwa Bibi, naye akauokota na kukimbia nao, mzima lakini mtupu. Akafika nao mpaka upande wetu wa Ruvuma.

Kisa hicho nimekisikia labda mara hamsini, na hadi leo sijui dada huyo aliitwa nani. Bibi husema "dada" tu.

Nakuomba umkalie. Nenda asubuhi, kabla jua halijamchosha, na umrekodi kwa simu kwa Kimakonde chake, usimtafsirie. Akianza na habari za njia ya bondeni usimkatize, mwache ashuke nayo. Kisha muulize dada yake aliitwa nani, na nani wengine waliotoka kijijini kwao siku ile hawakurudi. Akikataa, mwache, usimlazimishe. Akitaja hata mmoja, nitumie usiku huo huo, nitakuwa macho.

Msalimie Shangazi na wadogo zangu.

Mimi mpwa wako