Tembo niliyemkosa Saadani

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na nalijibu kwanza lile swali lako: hapana, tembo wa kuogelea baharini sikumwona. Usinune. Nyayo zake nimeziona.

Ilikuwa alfajiri, maji yamekupwa, tunatembea ufukweni na mwongozaji wetu, mzee mmoja anayeongea taratibu kama yuko msikitini. Akatusimamisha kwa mkono. Kwenye mchanga mbichi kulikuwa na duara, pana kama sinia, na ndani yake mistari ya nyufa za ngozi ya wayo imejichora sawasawa. Kaa mmoja mdogo alikwishachimba tundu lake humo humo. Nilichuchumaa nikamtazama hadi maji yalipoanza kujaa. Wimbi la kwanza lilijaza unyayo, la pili likazilegeza kingo, la tatu likaufuta. Tungechelewa kidogo tu, nisingekuwa na la kukusimulia.

Tuna hifadhi nyingi nchini, lakini yenye nyika inayoshuka mpaka Bahari ya Hindi ni Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Nilimwona ngiri amepiga magoti anachimbua mizizi, na nyuma yake linapita jahazi. Ukiniuliza mimi, huyo ngiri ananitosha.

Kisha tukapanda boti Mto Wami, nayo ikakwama kwenye fungu la mchanga. Nani ashuke kusukuma, na mamba wamelala kingoni? Ikabidi tusubiri maji ya bahari yapande mtoni yatunyanyue, viboko wakitukodolea macho. Mama yako alisoma dua zote anazozijua, nyingine nusu nusu. Ila bila kukwama nisingeiangalia mikoko vile. Vimizizi vyake vimesimama wima topeni kama penseli, vinavuta hewa, maana ndani ya tope lile hewa ni haba. Katikati yake kaa madume, kila mmoja na gando moja kubwa, wanapunga kuwaita majike. Nilicheka peke yangu.

Jioni tukafika Madete, kasa wanakotaga. Kiota kimezungushiwa vijiti, kimoja kina tarehe: 14 Aprili. Chini ya mchanga ule huenda kuna mayai zaidi ya mia. Mzee akaniambia joto la mchanga ndilo linaloamua: ukiwa wa moto sana wanatoka majike, ukipoa wanatoka madume. Nikaweka kiganja juu yake. Ulikuwa bado na moto wa mchana.

Huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Nimehesabu kwa vidole, halafu kwa kalenda: inaangukia mwanzoni mwa likizo yako ya Juni.

Niandikie tarehe kamili mnayofunga shule. Na vile viatu vyeupe usivibebe, huko ni kukanyaga maji.

Mama yako