Drams hazihitaji maiki nane

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa burudani, mwandishi mmoja aliwaambia vijana kwamba asiye na maiki nane asithubutu kurekodi drams nyumbani, bora atumie midundo ya kompyuta. Mimi napiga drams za kwaya hapa Kihonda, Morogoro, na kadi yangu ya sauti, kile kifaa cha kuingiza maiki kwenye kompyuta, ina matundu mawili tu. Naomba nafasi nimjibu.

Kwanza nikiri ujinga wangu. Mwaka jana nilizunguka kwa wauza chipsi nikiomba trei za mayai, nikabandika ukuta mzima. Mwangwi ulipungua kidogo, ngurumo ya kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ikabaki vilevile. Baadaye nikapiga hesabu: wimbi la sauti nzito ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Trei ya mayai italizuia wapi! Kilichosaidia ni magodoro mawili niliyoyasimamisha pembeni, na zulia chini ya drams.

Sasa maiki. Moja naiweka sentimita chache kutoka kwenye kiki, nyingine juu ya kichwa changu, ikitazama sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Nikisikiliza kila moja peke yake, safi. Nikizichanganya, kiki inanywea kama mpira uliotoboka. Nilidhani maiki mbovu. Kumbe mlio uleule unafika kwenye maiki ya juu ukiwa umechelewa, mawimbi yanaanza kulana. Nikachukua futi ya mama, yeye ni fundi cherehani, nikapima umbali wa kila maiki kutoka kwenye kiki: tofauti ni sentimita 136. Sauti hutembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ni milisekunde 4. Nikaivuta rekodi ya maiki ya juu ianze mapema kwa kiasi hicho, kiki ikarudi imeshiba. Nikapunguza na sauti za karibu hezi 400 ili ule mlio kama wa kugonga boksi uondoke, basi.

Kazi kubwa iko mikononi. Maiki ya juu inasikia kila kitu kwa pamoja, hivyo sneya ikifunikwa na matoazi huwezi kuja kuitenganisha kwenye kompyuta. Nilizoea kuyatwanga matoazi kama nafukuza ndege mpungani. Ilibidi nijifunze kuyagusa tu, nguvu nizipeleke kwenye sneya. Na kabla ya kurekodi nakaza ngozi upya. Nusu saa nzima inaishia hapo. (Mvua ikianza kupiga bati nafunga kazi, hiyo haina dawa.)

Ninachomwomba mwandishi wenu ni kwamba, kabla ya kutaja idadi ya maiki, aulize nani anapiga na chumba kikoje. Baada ya makala ile, kijana mmoja wa kwaya yetu alianza kutafuta mnunuzi wa pikipiki yake ili apate maiki sita zilizopungua. Nimemwazima futi.

Mpiga drams,
Kihonda, Morogoro