Saa ya kizamani ya kuvaa kila siku: kabla hujatuma pesa, itisha picha ya ndani

Ikibaki kama mwezi mmoja Idi ifike, au msimu wa harusi ukishapamba moto, hapa dukani kwangu Lamu, ninapouza na kutengeneza saa, swali linakuwa ni moja tu: nataka saa ya kizamani, ile nyembamba inayokaa vizuri na mkono wa kanzu, bei iwe ya kawaida, na niweze kuivaa kila siku sio ya kufungia kabatini. Wateja wa aina hii nawapenda sana. Kijana wa miaka ishirini na kitu akitaka saa yenye umri wa babake, moyo wangu unafurahi kwa kweli, na ndio maana naumia nikiona vile wanavyouziwa.

Juzi juzi amekuja kijana wa Langoni, harusi yake imebaki siku nne, akatoa saa mfukoni imekunjwa kwa tishu. Seiko 5, uso wake buluu ya bahari, inang'aa ka imetoka kiwandani jana. Ameiona kwenye simu akaipenda, akatuma pesa, saa ikaja kwa basi hadi Mokowe ikavuka na boti. Malalamiko yake ni kwamba akiivua usiku, alfajiri anaikuta imesimama. Nikaifungua mbele yake, maana huo ndio utaratibu wangu, mwenye saa akae hapo hapo aone kwa macho yake. Nilipoangalia kwa lenzi ya kukuzia, herufi za jina zilikuwa nene, wino umetapakaa kidogo kwenye ile S. Kile kidirisha cha siku na tarehe kimeganda rangi ukingoni, ka dau lililopakwa haraka haraka kabla ya mashindano. Chini kabisa penye sita, pale panapotakiwa kuwa na maandishi madogo sana, hapana kitu. Nyuma sasa ndio balaa: kutu ya kahawia imezunguka shina la kitufe, kile cha pembeni cha kurekebishia saa, ringi ya mpira ya kuzuia maji imekauka imekatika, na kile chuma cha nusu duara kinachozunguka kimeparuza kifuniko mpaka pametokea duara jeupe. Vipande vya mashine vingine vimefifia vingine vyeupe, skrubu zimeliwa vichwa. Akaniuliza, "Lakini ami, si ni Seiko?" Nikamwambia ni Seiko mwanangu, lakini ni Seiko tatu nne ndani ya bodi moja.

Hili ndilo tatizo lenyewe. Saa nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwenye simu kama za kizamani ni saa zilizopakwa rangi upya usoni, ndani zimeunganishwa kwa vipande vya saa zilizokufa, na nyingi ya hizo hutoka India ambako hiyo ni kazi ya mitaani ya miaka mingi. Sisemi saa kutoka India ni mbovu, la, hapo mbele nitakutajia moja ya kwao ambayo naiheshimu sana. Nasema mtu ameuziwa rangi, hajauziwa saa. Na mimi mwenyewe yamenikuta, mwanzo wa biashara nilinunua sita kwa pamoja kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha zote za mbele tu zote zinameremeta, zilipofika nilizofungua nikaweza kumuuzia mtu bila dhambi zilikuwa mbili. Zile nne bado ziko kwenye boksi la vipuri.

Kwa hivyo ukiona saa umeipenda, kabla hujaingia M-Pesa muombe muuzaji vitu vichache. Picha ya nyuma kifuniko kikiwa kimefunguliwa. Picha ya uso kwa karibu, hasa pale chini penye sita. Picha ya pembeni upande wa kitufe, na video ya nusu dakika chumba kikiwa kimya usikie inavyogonga, inatakiwa iende kwa mpigo mmoja sawa sawa, sio ka mtu anayechechemea. Akikwambia hana kifaa cha kufungua, sawa, inawezekana ni kweli, lakini basi bei iwe ya saa isiyofunguliwa. Akikasirika kwa sababu umeuliza, iache hiyo saa, zipo nyingi.

Kwa Seiko kuna dawa nzuri zaidi maana wale Wajapani waliandika kila kitu. Nyuma ya bodi kuna nambari mbili. Moja ni kama 7009 ikifuatiwa na tarakimu nyingine nne, ile 7009 ndio aina ya mashine. Sasa angalia uso wake chini kabisa, maandishi madogo mno, nayo yanaanza na nambari ile ile ya mashine. Zikipishana, uso sio wake. Zikikosekana kabisa, uliza kwa nini. Nambari ya pili ndio inayokupa umri: tarakimu ya kwanza ni mwaka unaoishia na hiyo tarakimu, ya pili ni mwezi, 1 mpaka 9, halafu O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Disemba. Haikwambii ni miaka ya sabini au ya themanini, hilo utalijua kwa aina ya mashine au kwa historia ya mwenye saa.

Na historia ndio raha yake. Kuna mzee mmoja wa Mkomani aliniletea ya kwake, aliinunua Jeddah mwaka 1988 wakati akifanya kazi huko, nambari inaanza na 79, yaani Septemba 1987. Uso ulikuwa mweupe zamani sasa umegeuka rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, upande wa kumi una doa dogo la unyevu, kioo kina mikwaruzo ya ukutani, ukiishika unajua imevaliwa. Nikafungua. Ndani safi, nambari zote zinaelewana, mafuta tu yamekauka. Kidirisha chake kinaandika siku kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, unachagua wewe, kwa sababu Seiko walikuwa wakitengeneza hivo kwa soko la Uarabuni, na ndugu zetu wengi wa pwani hii waliokwenda kutafuta riziki Saudia na Oman na Dubai walirudi na saa za namna hiyo mkononi. Mtu mwingine angemshauri aupake uso rangi. Nilimsihi asiuguse. Nimeiosha, nimeitia mafuta, nimebadilisha ringi na kioo, leo anaivaa mwanawe, na ukiwekwa uchague kati ya hiyo na ile ya buluu ya yule bwana harusi, kwangu mimi wala hapana mashindano.

Tena kabla hujatafuta kwenye simu, muulize kwanza mzee wako ana nini kwenye droo. Nasema kwa dhati kabisa.

Ukiwa huna cha kurithi, kwa bajeti ya kawaida mimi huwa nawaelekeza sehemu tatu. Seiko 5 ya miaka ya sabini na themanini, otomatiki, haihitaji betri wala ufunguo, mkono wako ndio unaoijaza. Jina hilo lilianza mwaka 1963 na saa zenyewe zilitengenezwa nyingi sana, ndio maana mpaka leo vipuri vinapatikana na bei haijapaa. Pili Citizen otomatiki za miaka hiyo hiyo, bora vile vile na watu hawazigombanii sana. Tatu ni HMT ya India, na hii ndio ile niliyosema naiheshimu. Kiwanda chao kilianza Bangalore mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen, na saa yao iitwayo Janata, maana yake umma, ni saa ya kutia ufunguo, nyembamba, safi, haina tarehe wala mbwembwe, na ukiivaa na kanzu nyeupe na kofia ya mkono umemaliza. Nayo pia hupakwa rangi sana, kwa hivyo masharti ni yale yale. Saa za Uswizi zenye majina makubwa ziache kwanza, sio kwamba ni mbaya, ni kwamba kwa pesa hiyo utakayoletewa ni jina tu.

Watu huniuliza mbona saa nzuri hivi ziwe rahisi. Tarehe 25 Disemba 1969 Seiko hao hao walitoa Astron kule Tokyo, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa madukani, yaani inayoendeshwa na betri na kijiwe kinachotetema badala ya springi, na ilikuwa ghali mno wakati huo. Miaka kumi baadaye kwatzi ikawa rahisi, inakwenda sawa kuliko mashine yoyote ya springi, na dunia ikaziweka pembeni zile za zamani. Kwa hivyo bei ndogo peke yake sio dalili ya ubovu.

Sasa suala la kuvaa kila siku, na hapa ndipo Lamu ni tofauti na kwingine. Saa ya kila siku kwetu maana yake ni saa inayokutana na maji ya udhu mara tano, na jasho, na boti ya Shela au Manda ikipiga wimbi, na hewa ya chumvi ambayo msimu wa kusi inakula hata bawaba za milango. Nyuma imeandikwa inastahimili maji, sawa, iliandikwa siku ilipotoka kiwandani na ringi mpya. Baada ya miaka arubaini ringi hiyo ni ganda. Hata saa mpya iliyoandikwa mita 30 sio ya kuogelea, ni ya kurushiwa maji kidogo tu. Ukiona mvuke chini ya kioo usingoje, iletwe siku hiyo hiyo, maji ya chumvi yakilala ndani siku mbili tatu springi ya mizani inashika kutu na hapo tunazungumza bei nyingine.

Ushauri wangu ni uivue kabla ya udhu, kila mara, na uitie kwenye mfuko wa kanzu, usiiweke ukingoni mwa birika la maji ya udhu. Nimeshaletewa saa zilizotumbukia na nimeshaona watu waliozisahau msikitini wakarudi wanatweta. Kwa sababu hiyo napendelea mkanda unaovulika kwa urahisi. Ngozi ni nzuri kwa harusi lakini kwa joto letu inanuka haraka, kwa siku za kawaida chukua ya nailoni au cheni ya chuma, saa nyingi za wakati huo zinachukua mkanda wa milimita 18. Na usishangae ukiiona ndogo mkononi, milimita 34 au 36 ndio ilikuwa saa ya mwanamume mzima. Suala la dhahabu pia huja: dhahabu kwa mwanamume sote tunajua hukumu yake, kwetu Waislamu ni haramu, kwa zile zilizochovywa tu muulize shekhe wako, mimi dukani nakutolea chuma cheupe kwanza.

Kitu kimoja kinachoharibu saa nyingi bila mwenyewe kujua: ukiwa na yenye tarehe, usiibadilishe tarehe kwa ule mzunguko wa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Muda huo meno ya ndani yameshashikana yanaivuta tarehe polepole, ukilazimisha unavunja jino. Zungusha kwanza akrabu mpaka kwenye ile 6 ya chini ya uso, ndio ubadilishe. Na saa ikianza ghafla kukimbia mbele dakika nyingi kwa siku, mara nyingi ni sumaku, imelala karibu na spika au kifuniko cha simu chenye sumaku, ilete niitoe, ni kazi ya dakika moja na siwezi kukutoza.

Servisi kamili ni kuifungua yote, kuosha kila kipande, kutia mafuta, kubadilisha ringi, na kuisikiliza siku tatu nne kwenye mashine ya kupimia kabla sijakurudishia. Nakwambia bei kabla sijagusa skrubu. Baada ya hapo ikipishana sekunde ishirini thelathini kwa siku imefanya kazi yake vizuri, usiidai zaidi. Kwa hewa yetu irudi kila miaka mitatu hivi, ringi ya mpira kila mwaka. Ukinunua saa ya elfu tano basi weka na pesa ya servisi pembeni tangu mwanzo, usiimalize yote kwenye saa.

Yule bwana harusi nilimpa mbili achague, zote tulizifungua mezani pamoja. Alichukua Janata, kioo chake cha plastiki kilikuwa na mikwaruzo nikakisugua hapo hapo kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa mpaka kikawa maji. Ile ya buluu ameniachia, nimemkatia bei ya vipuri vyake. Kama na wewe una saa umetumiwa picha na huna uhakika, nitumie hizo picha kabla ya kulipa, kuangalia ni bure. Duka lipo wazi kila siku, Ijumaa nafunga saa tano na nusu mpaka baada ya swala.