Ule weupe katika mchoro wa tezi dume

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo moja ambalo makala yenu ya juma lililopita kuhusu saratani ya tezi dume imelipita kando. Sina ugomvi na ushauri uliotolewa kwa wanaume. Kilichonifanya nishike kalamu ni mchoro uliowekwa pembeni: seli chache nyekundu zinazoelea juu ya karatasi nyeupe, na chini yake maelezo kwamba saratani ni "seli moja iliyoasi". Mimi ni mtu wa maabara. Kwa miaka mingi nimekata vinyama vya tezi dume vilivyogandishwa katika nta, kila kipande unene wa mikroni 4 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nikavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini, na sijapata kuona seli za saratani zilizokaa peke yake namna hiyo.

Anayetazama kipande cha tezi yenye afya huona vitezi vidogo vilivyozungukwa na nyuzi za misuli laini, za rangi ya waridi, zimelala kwa mpangilio kama ukindu katika mkeka. Palipo na saratani, mara nyingi misuli hiyo hupungua na mahali pake hujaa faibroblasti, yaani seli zinazofuma tishu unganishi, pamoja na kolajeni nyingi, ile protini ya nyuzi ngumu, hata pakafanana na kidonda kinachojaribu kufunga. Wengi wetu tuliyachukulia mabadiliko hayo kuwa taka tu za uvimbe. Hata mfumo wa Gleason, tunaoutegemea kupima ukali wa saratani hii, huangalia jinsi vitezi vilivyojipanga, si hali ya tishu iliyo katikati yake.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakiwemo Aria Olumi, Gerald Cunha na Thea Tlsty, walichapisha jaribio ambalo lingefaa kutajwa katika makala ile. Walichukua faibroblasti kutoka kwenye uvimbe wa saratani ya tezi dume, na nyingine kutoka kwenye tezi isiyo na saratani, wakazichanganya na seli za utando wa tezi, yaani zile zinazotanda ndani ya vitezi, zilizokwisha kuanza kuharibika lakini ambazo zenyewe hazikuwa na uwezo wa kuota uvimbe wa saratani, kisha wakapandikiza mchanganyiko huo chini ya ngozi nyembamba inayofunika figo la panya. Pamoja na faibroblasti za kawaida, seli hizo hazikufika mbali. Pamoja na faibroblasti za saratani, ziliota uvimbe mkubwa. Sehemu inayosahauliwa ni kwamba faibroblasti hizo hizo za saratani zilipowekwa pamoja na seli za utando zenye afya, saratani haikutokea. Nalisema hili wazi kwa sababu najua wapo watakaosikia habari hizi za tishu inayozunguka seli, wakadaka neno "mazingira" na kuwauzia wazee wetu chupa za dawa ya kusafishia tezi.

Miaka mingi kabla ya hapo, Cunha alikwisha kuonyesha kwamba tishu changa ya kijusi, ile inayozunguka mahali tezi dume inapochipukia, ikiunganishwa na utando wa kibofu cha mkojo cha mnyama mzima, huufanya utando huo ujenge vitezi vya tezi dume. Alionyesha pia kwamba katika hatua hiyo homoni za kiume huanza kwa kuiamuru tishu inayozunguka, nayo ndiyo huupelekea utando agizo. Kiungo kilicholelewa hivyo na jirani zake tangu tumboni hakielezeki kwa habari za seli moja. Na mwaka 2004 kundi jingine la watafiti liliripoti kwamba panya ambao faibroblasti zao zilinyimwa kipokezi kimoja tu, kile cha kupokea ishara ya protini iitwayo TGF-beta, walipata katika tezi dume mabadiliko yanayotangulia saratani, ilhali kipokezi hicho katika utando wenyewe hakikuguswa.

Haya hayabadilishi lolote katika matibabu ambayo msomaji wako atapewa kesho hospitalini, na sitaki mtu yeyote aahirishe kwenda kupima kwa sababu ya barua yangu. Ombi langu ni la mchoro tu. Mkiuchapisha tena, mchoraji aujaze ule weupe: achore nyuzi za misuli zilizokatikakatika, faibroblasti nyembamba zilizochongoka ncha mbili, na mishipa midogo ya damu ikipita katikati yake. Kama atahitaji kipande cha kutazama, hadubini yetu ipo.

Wako,
Mtumishi wa maabara ya patholojia